Spoksi Arobaini za Pikipiki ya Mbio

Siku ya kwanza kazini nilipewa debe la mafuta ya taa, brashi ngumu na rundo la vyuma vilivyoshikana kwa grisi, nikaambiwa neno moja: osha. Nikakaa chini nikaosha. Ilikuwa Thika, miaka ya hamsini, katika gereji ya mabati nyuma ya maduka ya Wahindi. Sikuuliza kazi inaisha saa ngapi. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na sisi tuliishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Mwanamke asiye na karatasi ya mwajiri alichimba handaki hilo tangu asubuhi, bila malipo, askari amemsimamia kichwani. Mume wangu alikuwa kizuizini. Mtoto wangu Njoroge nilimwachia mama mkwe. Kwa hivyo mjue kilichonipeleka gereji ni ile karatasi. Kupenda pikipiki kulikuja baadaye, na kulinishika vibaya.

Nawaandikia nyinyi wajukuu, hasa nyinyi mnaopita barabara ya Kamakis mmelala juu ya tangi, mkidhani pikipiki ya spidi imeanza na nyinyi. Mimi nilisoma darasa la pili tu la misheni. Sijui kupamba maneno. Nitasema yalivyokuwa.

Mwenye gereji alikuwa Kalasinga, maana hivyo ndivyo tulivyowaita Masingasinga wote, lakini mbele yake tulimwita Bwana Fundi. Alikuwa mrefu, ndevu amezifunga kwa wavu, kilemba kimebana kama kimeshonwa kichwani. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea, alichukua kile chuma mkononi mwako na kukifanya mwenyewe polepole, halafu anakurudishia kikiwa kimefunguliwa tena, uanze upya. Chini yake alikuwa Nyapara Mutua, Mkamba, fundi wa injini. Huyo maneno yake yalikuwa mengi, na yote makali.

"Mama Njoroge," aliniambia siku hiyo ya kwanza, "hiyo ni pistoni, si sufuria. Ukiikwaruza utailipa na wajukuu wako."

Haya, wajukuu ndio nyinyi. Sikuikwaruza.

Mwaka wa pili malori ya askari yalikuja mjini asubuhi na kuzoa wanaume. Mtu wa magurudumu wa gereji yetu alikuwa miongoni mwao, na hakurudi. Magurudumu yakaanza kurundikana ukutani, ya baiskeli na ya pikipiki, spoksi zimening'inia. Bwana Fundi alijaribu kuyafanya mwenyewe akashindwa na muda. Mutua alikataa kabisa. Alisema kazi ya magurudumu ni ya mtu asiye na haraka ya kufa.

Mimi wakati wa chakula nilikuwa nasuka kiondo. Siku moja nikainua macho, nikamwona Bwana Fundi amesimama hajala, chapati imekunjwa mkononi, anatazama vidole vyangu. Akaenda ukutani, akaleta rimu tupu ya baiskeli na habu yake, ile sehemu ya katikati inayozunguka, na fungu la spoksi.

"Mama Kikapu," akasema, na jina likanishika tangu siku hiyo. "Hii nayo naweza?"

Mutua akacheka mpaka akaweka spana chini. "Bwana Fundi, huyu atatuwekea viazi ndani!"

Nikalitazama gurudumu lililokuwa zima, nikafuata njia ya kila spoksi kwa kidole. Moja inatoka habu, inapita juu ya mbili, inapita chini ya ya tatu, ndipo inafika kwenye rimu. Ni kusuka tu. Uzi wake ni chuma, basi. Jioni gurudumu langu lilikuwa limesimama, zuri, kila spoksi mahali pake. Hata Mutua alilizungusha mara mbili, akarudi kwenye injini yake.

Kesho yake mwenye baiskeli akarudi akiisukuma. Tairi imelala. Tukaziba tyubu. Akarudi tena kabla ya saa sita. Tukaziba. Mara ya tatu Bwana Fundi akabandua tairi, akashika kidole changu cha shahada akakipitisha ndani ya rimu. Nikapiga kelele. Damu.

Mnajua nilifanya nini? Katika kiondo, mwisho wa uzi haufichwi nje. Unauvuta ndani, ubaya wote unabaki ndani, na nje kunabaki kuzuri. Hivyo ndivyo mama alivyonifundisha na mama yake alivyomfundisha. Nami ncha za spoksi zilizozidi nilizikaza zikatokeza kwa ndani, nikaridhika kwamba hakuna atakayeziona. Zilikuwa miiba, na tyubu ililala juu yake.

Bwana Fundi alinipa kitambaa nifunge kidole. "Ndani ya kikapu ya wewe iko viazi," akasema. "Ndani ya gurudumu iko pumzi. Ndani ndiyo kazi."

Tangu hapo nikajifunza tupa, kile chuma cha kusugulia chuma kingine. Kila spoksi ikishakazwa, ncha yake kwa ndani inapigwa tupa mpaka iwe sawa na nati, kisha unapitisha kidole. Ndipo unazungusha ukanda wa mpira kuzifunika, halafu tyubu, halafu tairi. Nilijifunza pia kushika chaki karibu na rimu inapozunguka, mahali inapogusa ndipo pamepinda. Nikajifunza kugonga spoksi kwa spana na kusikiliza sauti. Iliyolegea inasema kama mtu mwenye mafua. Nilihesabu kwa Kikikuyu, kwa sauti, ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ, na Mutua akawa ananiigiza akipita. Ulipita mwaka, akaacha kuniigiza. Mwaka mwingine, akawa ananiletea chai.

Halafu lilikuja sanduku.

Lilitoka Uingereza kwa meli, likapanda gari moshi, likafika stesheni ya Thika limepigwa misumari pande zote. Tulilifungua watu wanne. Ndani, katikati ya majani makavu, kulikuwa na pikipiki ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Haikuwa na taa. Haikuwa na kiti cha mtu wa pili. Hendo zake za kushikia zilikuwa chini kabisa, hivi kwamba mwenye kuipanda alilala kifudifudi, tumbo juu ya tangi, magoti yamekunjwa nyuma. Silinda moja tu, ya cc mia tano, lakini mapezi yake ya kupoza moto yalikuwa makubwa kama ya samaki. Haikuwa na hata kiki ya kuwashia. Iliwashwa kwa kusukumwa.

"Yote ni injini," Mutua alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ndogo. "Wamemwekea mtu pa kulala tu, kwa huruma."

Bwana Fundi aliijaza mafuta ya injini kutoka kopo alilolifungua kwa uangalifu. Tukaisukuma uani. Ikakohoa, ikashika. Nasema hivi na nywele bado zinanisimama: mlio ule haukuingia masikioni, uliingia kifuani. Mabati ya gereji yaliitikia. Kuku wa jirani waliruka ua. Na moshi uliotoka ulinukia mafuta ya mbarika! Yale yale nyanya yangu aliyojipaka mwilini na kulainishia ngozi yake ya kuvaa. Nilisimama na brashi mkononi, chombo kimetoka ng'ambo ya bahari, na kinanukia kama bibi yangu aliyezikwa kabla sijaolewa. Nikashindwa kuelewa. Baadaye Mutua alinieleza kwamba mafuta ya mbarika hayakimbii moto, ndiyo maana injini za mbio ziliyapenda. Nilisikia maelezo. Mshangao haukuondoka.

Bwana Fundi alikuwa ameinunua ili ashindane. Kati ya Thika na Ruiru palikuwa na shamba la mkonge lenye barabara ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, iliyonyooka maili nzima, na mara moja kwa mwaka, Jumapili, Wazungu wa mashamba ya kahawa na Wahindi wa mjini walikutana pale kupima spidi. Mmoja mmoja, mbele ya mtu mwenye saa. Lakini murram yetu ina mawimbi kama mgongo wa mamba, na gurudumu la nyuma lililotoka kiwandani halikumaliza hata mazoezi ya wiki mbili. Spoksi saba zilikatika. Bwana Fundi alirudi akiisukuma kutoka Ruiru, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Aliagiza rimu nyingine na spoksi nene, arobaini. Akaziweka mbele yangu.

"Mimi naweza kufanya," akasema. "Lakini wewe nafanya mzuri."

Nilifanya siku tatu. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, kesho yake mbio. Nilikuwa kwenye tupa, nahesabu, wakati mama yake Bwana Fundi alipoingia gereji. Tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mjane, nguo nyeupe, aliishi vyumba vya nyuma na hakuwahi kukanyaga kwenye grisi yetu. Siku hiyo alivua viatu mlangoni kana kwamba anaingia mahali pa sala.

"Mama Kikapu. Hii ya nyuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto yangu nalala juu ya hii?"

"Ndiyo."

Akaweka kiganja juu ya rimu. Mkono ulikuwa mwembamba, bangili moja ya chuma. "Mimi iko moja tu. Ingine nakufa kule India, mtoto kabisa."

Nikamwambia, kama mtu yeyote angesema, "Usiogope, Mama. Atarudi."

Akanitazama kwa ukali. "Wewe hapana sema rudi. Wewe funga."

Akavaa viatu vyake akaenda. Mimi nikarudi kwenye kazi. Nikamaliza, nikazungusha ukanda, tyubu, tairi. Bwana Fundi alikuwa ameniandikia barua ya ruhusa ili niweze kutoka kijijini Jumapili na kufuata gurudumu langu.

Asubuhi tulibeba pikipiki kwa pikapu. Wazungu walikuwa na viti vya turubai, Wahindi na familia zao wameleta sufuria za chakula, sisi Waafrika tulikuwa nyuma ya kamba. Kila mtu alitaka zamu ya mapema, kabla ya upepo kuamka na kuleta vumbi ubavuni. Bwana Fundi alikuwa wa tatu. Alikuwa amevaa koti la ngozi, kilemba amekikaza mara mbili.

Kijana mmoja wa Kihindi akaja akachuchumaa kando ya pikipiki, akamuuliza Mutua, "Nyuma iko spoksi ngapi?"

"Arobaini," Mutua akajibu, "na zote zimesukwa na huyo mama pale."

Nikafurahi. Na katika kufurahi nikaanza kuzihesabu tena kichwani, jinsi nilivyozipiga tupa jana. Nikafika thelathini na moja. Pale pale, kiganja cha Mama Mkubwa. Nikajaribu kwenda thelathini na mbili. Nikakuta mkono ule tena. Baada ya mkono nakumbuka ukanda wa mpira. Kati ya mkono na ukanda, hakuna kitu.

Nisikilizeni vizuri. Sikuwa najua kwamba kuna ncha iliyobaki. Nilikuwa sijui tu. Na tairi ikipasuka mtu akiwa spidi ile, amelala kifudifudi, hakuna cha kuokota. Lakini nikisema, nitamwaibisha mbele ya Wazungu wote, zamu itampita, na karatasi yangu ya kazi inatoka kwake. Kesho niko handakini na jembe.

Mzungu wa pili alikuwa ameshaondoka, mlio wake unaishia mkongeni. Nikapita chini ya kamba.

"Bwana Fundi, shuka."

Mutua alinivuta kanga. "Umelewa? Rudi kule, watu wanatazama!"

"Nini iko?" Bwana Fundi akauliza.

"Spoksi. Sikumbuki kama nilipiga tupa zote. Nilifika thelathini na moja, Mama Mkubwa akaingia."

Akanikazia macho. "Wewe najua iko mbaya, ama wewe hapana kumbuka?"

"Sikumbuki."

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo ili nionekane na akili, niseme najua iko mbaya. Sikusema. Mzungu wa bendera alikuwa anapiga mguu chini. "Fundi! Kama wewe hapana tayari, nenda mwisho!"

Bwana Fundi alishuka. "Toa gurudumu," akamwambia Mutua.

Tulilitoa pale pale kwenye murram, watu wamesogea kutazama. Kuna waliocheka. Mmoja aliuliza kama tunapika. Bwana Fundi alibandua tairi mwenyewe, akavua ukanda, akalowesha kidole mdomoni, akakipitisha ndani ya rimu polepole, mzunguko mzima. Halafu wa pili. Kidole kilitoka bila damu, hakina hata mkwaruzo.

Zote zilikuwa sawa. Zote arobaini.

"Haya," Mutua akasema chini chini, "salimia handaki."

Bwana Fundi akanisogelea. Akashika kidole changu, kile kile cha miaka ile, akakiweka ndani ya rimu. Nikazunguka nacho. "Sema," akaniamuru. Nikahesabu kwa sauti, kwa Kikikuyu, mbele ya mkutano wote wa Wazungu na Wahindi, mpaka mĩrongo ĩna, arobaini. "Funga," akasema. Nikafunga, machozi yananidondoka kwenye mpira.

Alipopata zamu, jua lilikuwa juu na upepo umeamka. Amepanda, anatazama mbele, si mimi, akasema: "Zamani mimi nadhani gurudumu mzuri. Sasa najua."

Tukamsukuma, mimi na Mutua. Injini ikashika, mkono wangu ukabaki hewani. Sijui niwaeleze vipi. Alilala, akawa si mtu tena, akawa mstari. Mlio ulipanda, ukapanda, ukafika mahali nilipodhani hauna pa kwenda, na bado ukapanda. Mutua alinishika bega. "Hajawahi kuifungua hivyo," akasema. "Mama, hajawahi! Alikuwa anaogopa nyuma." Upepo ulisukuma vumbi ubavuni na pikipiki ikainama dhidi yake kama ng'ombe anayekataa kamba, lakini haikuyumba. Alipogeuka na kurudi, ardhi ilitetemeka kwenye nyayo zangu kabla sijamwona. Akapita. Nilisikia spoksi zangu. Msiniambie haiwezekani, nilizisikia, zinaimba kwa sauti moja, na ile harufu ya mbarika ikabaki hewani muda mrefu baada yake. Nilijikuta nimevua kitambaa cha kichwa bila kujua.

Mwenye saa alisoma, akasoma tena. Bwana Fundi alikuwa wa pili siku hiyo. Tuliporudi Thika Mama Mkubwa alikuwa mlangoni. Alimpita mwanawe, akaja kwangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaingia ndani kupika.

Jumatatu nilifika nikisubiri kufukuzwa. Bwana Fundi aliweka sheria mpya: "Kila gurudumu ya wewe, wewe napanda kwanza."

Na hivyo ikawa. Pikipiki ya mteja ikishasukwa gurudumu, nilikaa nyuma, Mutua akaendesha hadi daraja la Ruiru na kurudi. Kwenye kizuizi cha barabara askari walinifahamu. "Mama, pasi! Na leo umemkosea nani hata unarushwa hivi?" Wanawake waliotoka kuchuma kahawa walipiga vigelegele vya dhihaka. Baadaye Mutua alichoka kunibeba, akanifundisha kuendesha mwenyewe: klachi, gia, mafuta kidogo kidogo. Na Jumapili moja, kule mkongeni, Bwana Fundi aliniachia ile ya mbio. Nilikunja nguo nikaifunga kiunoni. Nililala juu ya tangi, joto la injini tumboni kama mtoto mgonjwa. Sikuifungua yote, sikuifungua hata nusu. Lakini mkonge wa pande mbili uliungana ukawa ukuta mmoja wa kijani, machozi yakanitoka kwenda masikioni, na nilicheka kwa sauti, mimi ambaye sikuwa nimecheka tangu mume wangu achukuliwe. Nani aliyekuwa amenipa mimi, mtu wa kijiji chenye handaki, kitu kama kile?

Baada ya Uhuru Bwana Fundi alihama na mama yake. Pikipiki ilinunuliwa na mtu wa mbali. Mimi nikahamia Ruiru, karakana ya shamba la kahawa, chini ya Meneja, nikasuka magurudumu ya kila namna miaka mingi. Mume wangu alikuwa amerudi, na watoto wengine wakazaliwa. Niliifanya kazi ile mpaka nywele zikawa nyeupe.

Nikaiacha hivi. Karani mmoja alileta pikipiki yake. Nilisuka, nikavalisha tairi, nikajaza pumzi, nikamkabidhi. Alipokuwa anatoka langoni nikagundua sikuwa nimehesabu, wala sikuwa nimepanda. Kilichonishtua zaidi ni kwamba moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nikapiga kelele mlinzi amrudishe. Nikabandua tairi mbele yake, nikapitisha kidole. Zote zilikuwa sawa.

Nikaenda ofisini nikaweka spana na tupa mezani. Meneja akaniuliza nani amenikosea, maana magurudumu yangu hayakuwa na kasoro.

Nikamwambia hakuna aliyenikosea. "Nimeacha kuogopa," nikasema, "na mtu asiyeogopa asimfungie mtoto wa mwenzake gurudumu."